Nusu Karatasi Si Ushahidi

Kuna maneno mawili yanayozima kila malalamiko ya fedha katika kikao cha soko, cha kamati ya wazazi au cha chama cha wavuvi: "Vishina vipo." Yakishatamkwa, aliyeuliza huketi. Kitabu cha risiti huinuliwa juu ili kila mmoja aone vile vipande vilivyobaki baada ya risiti kuchanwa, vyenye namba, tarehe na sahihi. Kisha kikao huhamia ajenda nyingine. Kitabu chenyewe hakuna aliyekifungua.

Imani hiyo imeenea kutoka Mulongo hadi Mombasa, na haichagui dini wala chama. Wafadhili wanaihubiri kwenye semina, makatibu wa vyama wanaapa kwayo, na wakaguzi wanaitia muhuri. Mimi nasema ni imani potofu, na gharama yake wanailipa watu wale wale ambao inadai kuwalinda.

Wanachosema watetezi wake

Tuwatendee haki kwanza. Wanasema kumbukumbu ya binadamu ni fupi na ulimi hauna mfupa, kwa hiyo malipo lazima yaandikwe. Kishina kina namba ile ile iliyo kwenye risiti, na kwa kuwa kurasa zimepangwa kwa mfuatano, ukurasa ukikosekana utaonekana. Jumla ya vishina ndiyo jumla ya fedha zinazopaswa kufika kwa mtunza hazina. Njia hii haihitaji umeme, mtandao wala fundi. Mtu aliyemaliza shule ya msingi anaiweza, na katika jimbo kama Haut-Lomami la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako mashine ikiharibika spea inasubiriwa kutoka Lubumbashi, hilo si jambo dogo. Tena aliyeandika anaweza kuhamishwa au kufa, karatasi ikabaki. Wanamalizia kwa methali: mali bila daftari hupotea bila habari.

Hoja hizo si za kijinga. Kosa lao liko kwenye hatua moja wanayoiruka kila mara, nayo ndiyo iliyoipa karatasi hiyo maana: kulinganisha.

1. Nusu mbili zisizokutana tena

Kugawa ushahidi vipande viwili ni wazo la zamani, na lilipobuniwa lilikuwa na akili. Katika karne ya 12, Hazina ya wafalme wa Uingereza iliandika malipo kwenye vijiti vya mti kwa kuvikata pengo. Pengo lenye unene wa kiganja lilikuwa pauni 1,000, la kidole gumba pauni 100, la kidole cha mwisho pauni 20. Kisha kijiti kilipasuliwa kwa urefu, nusu moja akaondoka nayo mlipaji, nyingine ikabaki Hazina. Siku ya hesabu, nusu hizo zilirudishwa pamoja. Mapengo yalipaswa kukutana na nyuzi za mti nazo zikutane. Hakuna upande ulioweza kuongeza pengo hata moja bila upande wa pili kuuumbua.

Sisi tumerithi kupasua, tukaacha kuunganisha.

Chukua siku ya soko Mulongo. Mji umekaa ukingoni mwa mto Lualaba, katika teritwari ya Malemba-Nkulu, jimbo hilo hilo la Haut-Lomami, na samaki wake hupandishwa mto kwa boti kuelekea Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918, na kutoka huko huingia Lubumbashi kwa treni au lori. Mama aliyelipia ushuru magunia yake ya bitoyo, wale samaki wa chumvi, anaondoka na nusu yake ya karatasi. Nusu ya pili inabaki kitabuni kwa mtoza ushuru. Kuanzia dakika hiyo nusu hizo hazitaonana tena. Moja itaozea kwenye pindo la kitenge safarini, nyingine itafungiwa kabatini mpaka mkaguzi aje.

Na mkaguzi akija atafanya nini? Atajumlisha vishina, atatazama fedha zilizopelekwa, ataona vinalingana. Vitaachaje kulingana, ikiwa vishina na fedha vyote vimetoka mkono mmoja? Mkaguzi amelinganisha neno la mtu na neno la mtu yule yule, akaandika "sahihi", akapanda pikipiki akaenda zake. Yule mama, mwenye nusu ya pekee ambayo ingeweza kumuumbua mtu, hakuna aliyemuuliza kitu.

2. Kesi ya ngedere, hakimu nyani

Kishina kinatunzwa na mtu yule ambaye kinapaswa kumshuhudia. Tukimwona mshitakiwa anaandika mwenyewe ushahidi wa kesi yake, akautunza nyumbani kwake, akauleta mahakamani siku anayotaka, tungecheka. Katika fedha za umma tunaita hiyo kumbukumbu.

Mbinu zenyewe zinajulikana na kila mchuuzi. Ya kwanza ni karatasi ya kaboni inayosogezwa kidogo pembeni: risiti inaandikwa faranga 10,000, kishina kinajazwa 3,000 jioni, kwa biro ile ile na mwandiko ule ule. Ya pili ni kitabu pacha, kilichochapishwa kwa namba zile zile, ambacho hutumika siku za soko kubwa na hakijawahi kuonekana ofisini. Ya tatu ni tiketi inayorudi. Mtoza ushuru anapita alasiri, anaziokota zile za wachuuzi wanaofunga meza, na kesho asubuhi anaziuza tena kwa wageni wasiosoma tarehe.

Ya nne ndiyo inayopendwa kuliko zote, kwa kuwa haihitaji hata biro; jetoni ndiyo risiti yenyewe. "Mama, elfu moja na jetoni, ama mia tano bila jetoni?" Mama anachagua mia tano. Hakuna ukurasa uliochanwa, hakuna namba iliyorukwa, na kitabu kimebaki safi kama kilivyotoka kwa mchapaji. Hapo kishina hakikuzuia rushwa, kimeipangia bei. Wale wanaosema ukurasa ukikosekana utaonekana hawajafikiria wizi ambao haugusi ukurasa wowote.

Msidhani haya ni ya Kongo peke yake. Tanzania, yenye ofisi ya ukaguzi ambayo ripoti zake husomwa bungeni, ilikuwa na vitabu rasmi vya mapato ya halmashauri vilivyojulikana kwa jina la HW5. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuhusu serikali za mitaa zimerudia hoja moja mwaka baada ya mwaka: vitabu vya kukusanyia mapato vilivyotakiwa kwa ukaguzi havikuonekana. Si ukurasa, kitabu kizima. Mfumo ambao sifa yake kuu ni kwamba upungufu utaonekana ulionekana wenyewe umepungua, na mwaka uliofuata vilichapishwa vitabu vingine.

Methali basi inahitaji kuendelezwa. Mali bila daftari hupotea bila habari, kweli. Mali yenye daftari nayo hupotea, ila habari zake zimeandikwa kwa mwandiko mzuri.

3. Anayebeba mzigo wa kuthibitisha

Watetezi wanasema risiti humlinda mlipaji. Tumfuate mlipaji huyo mpaka mwisho wa safari yake tuone analindwaje.

Karatasi zake zimekunjwa pamoja kwenye pindo la kitenge, moja ya soko, moja ya bandari, moja ya usafi, moja ya uvuvi. Maji ya chumvi ya bitoyo yamepita kwenye gunia, yakapita kwenye kitenge, yakala wino. Kwenye kila bariyeri ya barabarani swali ni lile lile: "Mama, jetoni iko wapi?" Akiitoa, anaambiwa hiyo ni ya huduma nyingine, au ni ya juzi, au muhuri hausomeki. Anasimama juani akibandua karatasi moja moja kutoka kwenye bunda lililogandamana, na samaki wake wanasubiri pamoja naye. Mwishowe analipa tena, kwa kuwa kulipa tena ni rahisi kuliko kulala njiani.

Sasa pima adhabu. Mama akikosa nusu yake, analipa mara ya pili papo hapo. Mtoza ushuru akikosa nusu yake, anaandika barua ya maelezo. Karatasi ni moja na imekatwa katikati kwa usawa, lakini hatari yote imewekwa upande mmoja.

Na karatasi yenyewe inazungumza Kifaransa. Katiba ya Kongo inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba, na sokoni Mulongo watu wanabishana bei kwa Kiswahili na Kiluba. Lakini jina la ushuru, kifungu cha sheria na kiasi kwa maneno vimeandikwa kwa lugha ambayo walipaji wengi hawaisomi. Tunampa mtu ushahidi asioweza kuukagua, halafu tunasema tumempa nguvu.

Uganda waliishi na mzigo huu wa kuthibitisha kwa miongo mingi. Kodi ya kichwa ya madaraja ilikuwa na tiketi yake, na mwanaume aliyekutwa bila tiketi kwenye msako alikamatwa. Kulipa hakukutosha, ilibidi atembee na malipo yake mfukoni. Kodi hiyo ilisimamishwa mwaka 2005, miaka miwili baada ya Tanzania kufuta kodi yake ya maendeleo. Hakuna aliyeandamana kudai arudishiwe tiketi yake ya ulinzi.

4. Hata mwasi ana kitabu cha risiti

Kuna hoja nyingine inayonong'onwa zaidi ya kusemwa: penye risiti pana sheria. Mtu anayekupa karatasi yenye namba na muhuri lazima awe na haki ya kupokea.

Nendeni Kivu. Makundi yenye silaha yametoza wanakijiji kodi ya kila mwezi iliyopewa jina la "lala salama", na aliyelipa alipewa jetoni ya kuonyesha akiulizwa. Waasi wa M23, walipoushika ukanda wa Rutshuru mwaka 2012 na 2013, walitoza malori na kutoa risiti. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi 798 vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini, vya serikali na vya waasi. Kwa dereva wa lori tofauti mara nyingi ilikuwa rangi ya sare, maana karatasi alipewa huku na huko. Ikiwa kishina ni alama ya utawala halali, basi kila kundi lenye bunduki na pesa ya kumlipa mchapaji limekwisha kuhalalishwa.

Na hatuhitaji kwenda kwa waasi. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, ilisema elimu ya msingi katika shule za umma ni bure. Ubure huo ulianza kutekelezwa Septemba 2019. Kwa miaka 13 katikati, wazazi wa Kongo waliendelea kulipa, na asubuhi mtoto alirudishwa nyumbani akalete karatasi, hata kama mwalimu aliyepokea fedha alimjua kwa jina. Malipo ambayo Katiba ilikuwa imeyafuta yalikuwa na risiti, namba za mfuatano na vishina. Karatasi ilithibitisha kwamba fedha imetoka. Swali la kama ilipaswa kutoka halikuwa na nafasi kwenye fomu.

Madini nayo yamepitia njia hiyo hiyo. Tangu mwaka 2011 mpango wa iTSCi ulileta Katanga vibandiko vyenye namba na madaftari ya kusindikiza magunia ya kasiteriti na koltani, ili kila gunia lijulikane limetoka shimo gani. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilichapisha uchunguzi likieleza jinsi vibandiko vilivyofungwa kwenye magunia ya mashimo mengine kabisa, madini ya magendo yakatoka na karatasi safi. Namba haikudanganya. Ilifungwa tu kwenye gunia lisilo lake.

5. Vinahifadhiwa kwa ajili ya nani?

Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, mwaka 2012, na sheria ya uhasibu ya jumuiya hiyo inataka vitabu na vielelezo vya hesabu vitunzwe miaka 10. Sheria nzuri, iliyoandikwa na watu wasiojua mchwa. Masanduku ya vishina yanajaa stoo za ofisi, za shule na za parokia, mvua inavuja juu yake, panya wanazaliana humo, na katika miaka hiyo yote hakuna mlipaji hata mmoja anayeruhusiwa kuingia na kusema: naomba kuona nusu ya karatasi yangu. Tunatunza ushahidi kwa bidii, kisha tunamnyima kuuona mtu pekee mwenye sababu ya kuusoma.

Hata panapokosekana mchwa, kiasi kilichoandikwa hakitulii. Oktoba 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi ya zaire mpya 100,000. Piga hesabu: aliyetunza kishina cha deni la zaire bilioni 300 za zamani, bila kosa na bila doa, alibaki anadai faranga moja. Kishina kilikuwa sahihi kabisa. Kilichokufa ni fedha.

Na vile vijiti vya Uingereza? Matumizi yake yalikoma mwaka 1826. Vilipoacha kulinganishwa vilikuwa kuni. Tarehe 16 Oktoba 1834 viliamriwa vichomwe kwenye tanuru chini ya jumba la Bunge mjini London. Tanuru ikazidiwa na jumba likateketea. Angalau wao walichoma kumbukumbu zisizosomwa mara moja, wakalipa gharama yake hadharani. Sisi tunalipa gharama hiyo kila siku ya soko, na hatuoni hata moshi.

6. "Basi tuhamie kwenye mashine"

Hapa wananidaka wapenzi wa teknolojia: umekubali, karatasi imepitwa, leta mashine na simu. Sijakubali kitu cha namna hiyo.

Tanzania ilianza kutumia mashine za risiti za EFD kwa wafanyabiashara mwaka 2010. Mnunuzi akaanza kuulizwa dukani: "Na risiti au bila risiti?" Ni swali lile lile la jetoni la Mulongo, limevaa plastiki. Halmashauri zilipotoka kwenye HW5 na kupewa mashine za POS, ripoti za ukaguzi zikaanza kuzungumzia mashine zilizokaa nje ya mtandao na makusanyo yasiyofika benki. Na ile karatasi ya mashine, ukiiacha kwenye dashibodi ya gari wiki chache, maandishi yanafifia mpaka inarudi kuwa nyeupe. Wino wa biro ulikuwa unahimili zaidi.

Simu nayo? M-Pesa iliingia Kongo mwaka 2012, na kweli ujumbe hufika kwa pande zote mbili. Lakini mama wa Mulongo akilipia ushuru kwa simu, bado hajui wenzake wangapi wamelipa siku hiyo na jumla ilikuwa kiasi gani. Amepata nusu yake yenye mwanga wa kioo. Ni nusu bado.

7. Kinachofanya kazi, na kwa nini hakipendwi

Uganda iliwahi kuzikutanisha nusu mbili kwa vitendo. Katika miaka ya 1991 hadi 1995 serikali ilikuwa inatuma ruzuku kwa shule za msingi kwa kila mwanafunzi. Uchunguzi wa shule 250 ulionyesha kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu ya ruzuku hiyo iliyofika shuleni. Kampala kulikuwa na hesabu ya fedha zilizotoka, shuleni kulikuwa na hesabu ya fedha zilizofika, na kilichokosekana ni mtu wa kuziweka hesabu hizo meza moja. Serikali ikaanza kutangaza ruzuku magazetini na kuzitaka shule zibandike ukutani kiasi kilichopokelewa. Kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. Wapo wanaosema mageuzi mengine ya wakati ule yalichangia, na sibishani nao. Nabishana na yule atakayeniambia kwamba kilichobadilisha hali ni ubora wa vitabu vya risiti.

Mzazi alisoma gazeti, akasoma ukuta, akamtazama mwalimu mkuu. Nusu mbili zilikutana hadharani, mbele ya mtu mwenye maslahi.

Jambo hilo halihitaji mfadhili wala semina. Soko lolote linaweza kuweka ubao mlangoni na kila asubuhi kuandika kwa chaki, kwa Kiswahili: jana meza zilizofunguliwa zilikuwa ngapi, tiketi zilizouzwa ngapi kuanzia namba ipi hadi ipi, fedha zilizopelekwa ngapi na kwa nani. Wachuuzi wenyewe wanajua meza zilikuwa ngapi, maana walikuwepo. Mwenye tiketi ambayo namba yake haimo anyooshe mkono pale pale. Anayelipishwa bila jetoni ataona meza yake imehesabiwa kuwa haikuwepo. Kazi ya kukagua inarudi kwa watu ambao fedha ni zao, na inagharimu bei ya boksi la chaki.

Kwa nini basi ubao huo hauonekani kwenye milango ya masoko yetu, wakati vitabu vya risiti vinachapishwa kwa maelfu? Kwa sababu kitabu kinafungwa na ubao haufungwi. Kwa hiyo siku mkusanyaji yeyote, wa serikali, wa kanisa au wa chama, atakapowaambia kwamba ubao ni usumbufu na hesabu zote ziko ofisini, msimuulize tena habari za karatasi. Muulizeni habari za fedha.